Jina la Baba Mkwe

Nakivale, New Congo
14 Januari 2024

Mwanangu Mama Vanessa,

Mama Habibah alinifikia jana akitokea Rwekubo. Aliketi kabla hajafungua mzigo wake wa vitenge, nikajua ana neno. Anasema wamekurudisha Mbarara kutoka gereza la Luzira ili rufaa yako isikilizwe huku. Anasema umekonda lakini unacheka. Nilimwuliza tena kama unacheka kweli, akajibu, "Mzee, alinicheka mimi mwenyewe." Nimelala na furaha hiyo.

Vanessa ameshika urefu wa baba yake. Kiingereza chake kimenipita, na mimi niliyefundisha watoto wa watu kule Uvira hadi nikaota mvi, ananisahihisha matamshi mbele ya wageni. Nywele zake husukwa na jirani, na kila akisukwa husema mkono wa mama yake ulikuwa mwepesi zaidi.

Mimi miguu imevimba. Daktari wa kituo cha afya cha kambi anasema moyo umechoka, akanikataza chumvi. Yaliyobaki alimwambia Musoni nje, na Musoni aliporudi ndani alianza kunishonea kiatu nisichokivaa tena. Shemeji yako huyo huja kila Jumapili kutoka Ruti, kule Mbarara, anakochomelea vyuma, analeta dawa, anaondoka.

Wakili wako alikuja pia. Kijana mpole, Mnyankore. Aliniuliza yale yale ya mahakama ya kwanza. Unajua hukumu ilivyosema: mke amemwua mume, amemwosha, amepiga udongo mpya sakafuni ili damu isionekane, anyongwe. Kijana anataka kujua ni nani aliyeamuru Cassien aoshwe kabla polisi hawajafika. Nilimwambia kichwa cha mzee ni kapu lililotoboka. Alimaliza chai yake akaaga. Yangu ilipoa.

Kuna jambo nataka kukuandikia, lakini si leo. Kula. Usiache kucheka.

Baba yako mkwe,
Kalume

*

Mbarara, gerezani
2 Februari 2024

Baba Mukwe,

Ninakusalimia mu jina la Bwana. Aksanti kwa barua, na kwa habari ya mutoto. Nimeisoma hadi karatasi imelainika kama kitambaa.

Hapa ni fasi nzuri kuliko kule. Dirisha letu linaona kilima chenye migomba, na asubuhi ukungu ukitoka ninajifanya ni milima yetu. Ninasuka wenzangu nywele. Hata afande mumoja alinikalia chini juzi nikamusuka, na ndiye huyu anayesoma barua zetu kabla hazijatoka. Ninamusalimia.

Wananicheka juu ya jina lako. Kuna mama mumoja, Mukarukundo, ulimi wake hauna breki. Anauliza mukwe wangu anaitwa nani. Ninasema, ni baba ya bwana wangu. Anasema sawa, anaitwa nani? Ninasema, ni babu ya Vanessa. Anapiga makofi, anasema nitaingia kaburini bila kulitaja. Nilimwambia hivyo ndivyo alivyoingia mama yangu. Mukwe wake alikuwa na jina la muti fulani, basi maisha yake yote mama aliuita muti ule "ule wa kivuli", hata akiwa anaupasua kuni.

Wakili anasema kesi yangu yote imesimama juu ya vitu viwili, maji yale na kunyamaza kwangu. Jaji wa kwanza aliniuliza nani alinituma nimuoshe bwana wangu, mimi nikaangalia chini. Wakili anasema nikinyamaza tena mbele ya hawa watatu wa rufaa, yeye hana la kufanya. Nilimwambia nitafikiri. Alishika kichwa kama mutu ameumwa jino.

Wewe usihangaike. Acha chumvi kweli, usiwe unaificha nyuma ya kinu, ninakujua. Umwambie Vanessa asilale na kichwa kimelowa.

Ni mimi,
Bernardine

*

Nakivale
20 Februari 2024

Mwanangu Mama Vanessa,

Barua hii Mama Habibah ataipitisha ndani ya unga wa muhogo ili isipite mezani kwa afande. Aliapa hatafanya jambo hilo, kisha akauliza unga uwe kiasi gani.

Nimeamua. Nitamwita wakili nimwambie mimi ndiye niliyekuamuru kumwosha Cassien, na kwamba niliposimama mahakamani nikasema nilikukuta umekwisha kumwosha, nilisema uongo. Hilo unalijua, ulitoka bombani na dumu la maji ukanikuta mlangoni. Nilikwambia damu ya mtu aliyeuawa haiachwi wazi ikatazamwa, mwoshe, upige udongo. Ulimwosha kwa maji uliyoyachota ya kupikia.

Lakini wataniuliza: mzee, kwa nini uliharakisha? Nitawajibu kwamba mkono uliompiga ni wangu. Watanitia ndani, watanipa kitanda na daktari, na kabla hawajapata tarehe ya kunisomea mashtaka nitakuwa nimekwenda. Kamba haimpati mtu anayekufa mwenyewe. Wewe utarudi kwa mtoto.

Usinijibu kwa barua ndefu. Niambie tu kwamba umeelewa.

Kalume

*

Mbarara
3 Machi 2024

Baba Mukwe,

Nimeikuta barua yako, imejaa unga. Na hii inatoka mu njia ileile, ndani ya kitambaa cha Mama Habibah. Ananiambia tukimufanya mufungwa na yeye, tumutafutie godoro zuri.

Kwa hiyo umesema. Nilikuwa ninangoja useme, na nilikuwa ninaogopa useme.

Nilijua tangu siku ile. Asubuhi niliwasikia wewe na Cassien mukigombana mu chumba chako juu ya kesi ya Kanada, ile ya kutuhamishia kule. Cassien alitoka macho mekundu, hakunywa hata chai. Mangaribi nikatoka bombani, nikakukuta mulangoni, mikono imelowa, na muchi wangu wa kutwangia majani ya sombe umeoshwa umesimamishwa mu kinu. Mimi sikuwa nimeuosha. Hapakuwa na mutu mwingine. Nilifikiri: baba amemupiga mutoto wake, na hakutaka kumuua, na sasa amesimama hapa anakufa akiwa wima. Uliponiambia muoshe, sikuona muuaji. Niliona muzee aliyeshika mwimo wa mulango.

Ndiyo maana nilinyamaza kwa jaji. Kwetu muke wa mutoto hasimami mbele ya batu akasema mukwe ni muongo, akataja na jina lake juu. Ila nisikudanganye, hata jina lingekuwa rahisi kinywani ningenyamaza. Vanessa alikuwa mudogo. Wakikuchukua wewe na baba yake yuko mu udongo, angelelewa na nani? Nilikupima wewe na mimi, nikaona wewe unajua kusoma, unajua kumufundisha. Nikakuacha nje.

Nilikuchukia mwaka wa kwanza. Wa pili nikachoka. Halafu siku moja mutoto akaniletea barua kwa mukono wake mwenyewe, herufi zake zimelala upande kama zako, na nikaona nimekwisha kukusamehe bila kujua ni lini.

Basi usiende kwa wakili. Wataniacha huru na watakufunga wewe, na Vanessa ataona babu yake amefungwa juu ya kifo cha baba yake. Abaki na moyo mumoja mzima. Rufaa iende inavyokwenda.

Umushukuru Musoni kwa sabuni anayonitumia tangu nifike hapa. Hakuna shemeji kama yeye. Wengine ndugu zao wakifa wanamukimbia mujane, yeye ananitumia sabuni na hata siku moja hakusema nimemuulia kaka. Mungu amubariki.

Bernardine

*

Nakivale
18 Machi 2024

Bernardine,

Nimeandika jina lako waziwazi, na barua hii inapita mezani. Afande, isome yote. Ukimaliza, mpelekee mwenyewe.

Sikumwua Cassien.

Barua yako ilifika Jumapili, Musoni akiwa hapa. Macho yangu hayafuati tena mwandiko mdogo, na sikujua umeandika nini, basi nilimpa yeye anisomee. Alisoma vizuri, nilivyomfundisha, akipumzika penye nukta. Alisoma ulivyonikuta mlangoni. Alisoma ulivyonisamehe. Alipofika kwenye sabuni aliisogeza karatasi karibu na macho, nikadhani amepoteza mstari. Kisha aliusoma mstari ule tena kwa sauti ileile, akaikunja barua na kuiweka gotini pangu.

Siku ile ulipokwenda bombani, Musoni alikuja chumbani kwangu kapigwa na mvua, akasema, "Papa, nimemupiga yaya Cassien. Haiko anaamuka." Nilikwenda nikamwona. Nilimvua Musoni shati, nikamvisha langu, nikamwambia apitie nyuma ya migomba aende Rwekubo, apande gari la Mbarara na asirudi mpaka aitwe kwenye msiba. Mikono yangu ililowa kwa kuosha mchi. Ndipo ukaja na dumu kichwani.

Sasa sikiliza lile ambalo hata Musoni hakulijua.

Faili la Kanada lilikuwa na majina yenu wote: Cassien, wewe, mtoto na Musoni. Mimi nilikuwa nimekataa kusafiri. Nilisema siwezi kwenda kufa kwenye baridi. Lakini kadiri siku zilivyokaribia niliogopa. Kwetu mtu huzikwa na mwanawe. Mwanawe ndiye anayesimama kwenye mdomo wa kaburi na kulitamka jina la marehemu kabla udongo haujaingia, ili ardhi ijue inampokea nani. Niliona nitazikwa na majirani wanaoniita Mwalimu tu. Basi nilimwambia Cassien amwondoe mdogo wake kwenye faili, abaki mmoja wa kunizika. Huo ndio ugomvi uliousikia. Cassien alinikatalia kwa sababu Musoni alikuwa ameishi kwa ajili ya safari ile. Nililia, Bernardine. Nilimlilia mtoto wangu hadi akakubali.

Akaenda kwa mdogo wake akamwambia, nimekuondoa. Musoni alimwuliza kwa nini, akajibu kwamba ameamua hivyo. Hakunitaja. Alipigwa kwa mchi wako akiwa amebeba neno langu mdomoni.

Haya nilimwambia Musoni Jumapili ile, barua yako ikiwa gotini pangu. Aliitazama mikono yake. Akasema, "Kumbe haikukuwa yaya aliyeniondoa." Alisimama, akatoka, akaacha koti lake kwenye kiti. Sijui alikoelekea. Mpaka wa Kongo si mbali kwa mtu anayeujua.

Nilipompoteza mmoja nilitaka kumficha wa pili. Nilijiambia mahakama ina macho, itaona huna hatia. Ilipokuhukumu nilijiambia ile ya juu itaona. Nimekaa na mtoto wako, mimi niliyekula ulichonipikia kwa miaka kabla hujafungwa, nikapokea salamu zako, na nilipotaka kujitoa nilitafuta uongo mwingine ambao ungemwacha mwanangu huru na kunifanya mimi nionekane baba mwema. Wewe ukausamehe uongo huo. Siwezi kufa nikiwa nimejifunika msamaha wa kosa la mtu mwingine.

Wakili alikuja na mtu wa kuapisha. Nimesema yote, nimetia sahihi, na jina linasomeka. Kijana alilia kidogo, akasingizia moshi wa jiko.

Majaji wakikuuliza nani alikutuma umwoshe, nitaje. Mimi baba wa mume wako nakupa ruhusa, na mama yako kule aliko asikulaumu. Nimeanza mimi kwa kukuita lako.

Jina langu ni
Kalume

*

Mbarara
16 Aprili 2024

Baba Mukwe,

Nilichana barua yako. Halafu nikaomba gundi kwa afande, nikaiunganisha. Alinipa bila kuuliza, alikuwa ameisoma.

Sikuandika haraka kwa sababu maneno yaliyokuja kwanza hayafai kumuandikia mutu muzee. Nilikuwa na huruma moja mu maisha haya, niliilea kama mutoto, ilinisaidia kulala. Ilikuwa huruma ya baba aliyeua mwanawe kwa bahati mbaya. Umeninyang'anya. Kosa nililokusamehe si lako, na lile lililo lako ni jipya kwangu, lina siku chache tu. Usiniombe haraka.

Sasa sikia. Musoni hakwenda Kongo. Aliingia kituo cha polisi cha Mbarara asubuhi, na nguo zake za kazi, miwani ya kuchomelea ingali shingoni. Mama Habibah anasema polisi walidhani amekuja kutengeneza mulango. Aliwaambia yote. Walimurudisha nje mara ya kwanza, wakisema amelewa. Akaketi kwenye ngazi hadi mukubwa wao akaja.

Jana tulikuwa mbele ya majaji watatu. Wakili alisoma maneno yako uliyoapa, na maneno ya Musoni. Mwanasheria wa serikali alisimama akasema hapingi rufaa. Wakaulizana kwa sauti ndogo. Halafu yule mama wa katikati akaniambia nisimame, akaniuliza kwa nini nilinyamaza mara ya kwanza, nani alinituma.

Nilikuwa nimejifunza usiku mzima. Nilifungua kinywa. Nikasema, ni baba ya bwana wangu. Akauliza, jina lake? Mukalimani akanigeukia. Na ruhusa yako niliyoiunganisha na gundi ilikuwa hapa mu kifua, ndani ya nguo. Jina lilifika kwenye meno, likarudi. Batu walianza kunong'ona. Yule mama jaji akaangalia karatasi, akasema, "Acha, tunalo hapa limeandikwa." Nilimushukuru kwa kupiga magoti, wakanikataza.

Watasoma uamuzi wiki hii. Wakili anasema nifunge vitu vyangu. Sina vitu, nina barua.

Mama Habibah anasema hutembei tena, na unamuuliza Vanessa kila anapotoka kama gari la Rwekubo limefika. Ningoje. Nina hasira yako mingi ya kukuletea, na siwezi kuimaliza kwa karatasi. Usiende kabla sijafika, unasikia? Ningoje.

Bernardine

*

Nakivale, New Congo
20 Mei 2024

Musoni,

Hawakukuruhusu kuja kuzika, najua uliomba. Wakili aliniambia. Barua hii inapita mezani, kama zangu nyingi zilivyopita, basi nakuandikia yanayoweza kusomwa na kila mutu.

Nilimukuta baba. Alikuwa mu kitanda chako, kile cha dirishani, ili aone barabara. Alinitambua. Nilikuwa nimekuja na maneno yangu yote niliyoyapanga tangu waniachie huru Mbarara, nilipita nayo Nyamityobora, mutaa wa Mama Habibah, kumushukuru, nilipita nayo Rwekubo, yalikuwa mazito kuliko mufuko. Nikaingia, nikamuona miguu ilivyo. Nikamuuliza, chumvi umeificha fasi gani? Akanionyesha kwa kidole, nyuma ya kinu. Tulicheka hadi Vanessa akaja kuona.

Hasira nilimupa siku iliyofuata. Sikumupunguzia. Aliisikiliza yote, macho wazi, hakujitetea hata kwa neno moja. Nilipochoka aliniuliza kama nimekula. Niliendelea kumuuguza. Mara nyingine nilimulisha uji huku nimekasirika, mara nyingine nimesahau. Alikuulizia wewe kila asubuhi: unakula nini, unalala juu ya nini. Alisema nikuambie kwamba kosa la kwanza ni lake. Nimekuambia. Mimi ninaona kila mutu abebe la kwake, na lako unalijua.

Alikwenda mchana, mvua ikinyesha. Muke wa mutoto hamuoshi mukwe wake, basi wanaume wa kanisa walimuosha. Lakini maji niliyachota mimi, bombani palepale, na nilipokwisha kuyatua nilipiga udongo sakafu yote ya nyumba. Safari hii hakuna aliyenituma. Majirani walinitazama wakiwa wamesimama mulangoni, nikaendelea hadi kwenye pembe.

Kaburini mchungaji aliuliza mutoto wa marehemu yuko wapi, alitamke jina. Batu wakaangaliana. Alianza kusema, "Basi sisi, majirani wa Mwalimu..." na wale wa koleo wakainama kuchota udongo. Niliona udongo umeinuliwa na ardhi haijaambiwa inampokea nani. Cassien hayuko. Wewe uko ndani. Mutu aliua amani ya nyumba yake yote kwa kuogopa saa hii moja, na saa imefika, na hakuna mutoto.

Nikatoka mu wanawake, nikasimama kwenye mdomo wa kaburi. Nikasema, "Kalume."

Sauti ilitoka ndogo. Nikasema tena, wote wakasikia. Mama mumoja mzee wa kwetu alishika mudomo. Halafu wakamwaga udongo.

Wewe sijakusamehe, Musoni. Uliniacha mu kivuli cha kamba ukanitumia sabuni. Nilikuwa ninainusa ile sabuni, ninakuombea. Siku msamaha ukija nitakuandikia, na usipokuja nitakuandikia pia, kwa sababu nimeketi hapo ulipo, ninajua siku ya barua ilivyo na siku isiyo na barua ilivyo.

Vanessa anauliza kama unaweza kupokea sombe. Nilimwambia Jumatano tutauliza getini. Nimenunua muchi mwingine.

Bernardine, muke wa Cassien, muke wa mutoto wa Kalume